Kuwapitia watoto asubuhi kwa gari lako

Dada, nimekuelewa: unalea watoto sita nyumbani kwako Kisasa, hapa Dodoma, wazazi wanawahi kazini Mtumba, sasa wanataka uwapitie kwa gari lako dogo, IST, halafu wakuongezee hela ya mafuta. Nimeifanya kazi hiyo miaka mitatu Nkuhungu.

Anza na bima. Ukilipwa kubeba watu, safari si binafsi tena, na bima ya gari binafsi inaweza kugoma kulipa likitokea la kutokea. Mweleze wakala wako bila kuficha, kisha waulize LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuhusu leseni. Kama kituo chako cha kulelea watoto hakijasajiliwa, pitia pia ofisi ya ustawi wa jamii.

Sita hawaenei. Nyuma kuna mikanda mitatu, basi ni watoto watatu, safari mbili, na nyumbani abaki mtu mzima na waliotangulia. Kupakatana tumekuzoea, najua, lakini breki ya ghafla haijui mazoea. Mdogo kabisa akae kwenye kiti chake maalumu, nyuma.

Kilichonitoa jasho ni hiki: siku moja nilishusha watoto, nikafunga gari, kumbe mmoja kalala sakafuni nyuma ya kiti changu. Dakika chache tu, lakini kwa jua la Dodoma gari lililofungwa ni tanuri. Tangu hapo nawaita kwa majina wakipanda na wakishuka, na mkoba wangu nauweka nyuma ili nilazimike kufungua mlango ule.

Wazazi wakuandikie nani anaruhusiwa kumpokea mtoto. Bodaboda aliyetumwa kwa simu, mkatalie hata wakinuna.