"Aliumwa begani" au "aling'atwa begani"?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati huku Ujiji, Kigoma. Alikuja majeruhi wa ugomvi na PF3 yake (fomu ya polisi ya matibabu), begani ana alama za meno. Nikaandika "aliumwa begani". Mwenzangu anasema ni "aling'atwa", tena niongeze "alama zinalingana na meno ya mtuhumiwa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwenye kitenzi, mwenzako. Si kwamba kuuma si kwa meno. Wahenga walishasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tatizo ni kwamba kwetu Tanzania "anaumwa" ni mgonjwa. "Aliumwa bega" ni maumivu. "Aliumwa begani" inaelekea kwenye jino. Silabi moja tu, -ni, ndiyo inayotenganisha ugonjwa na shambulio, na wino ukififia imepotea. Kung'ata hakuna utata huo: mbwa hung'ata, mtu hung'ata, homa haing'ati.

Nyongeza yake, nakusihi, usiiandike. Kulinganisha ni kazi ya kupima. "Zinalingana" tayari ni hukumu, na msomaji wa mahakamani atasikia "ni yeye". Ngozi hunyumbuka na kuvimba, kwa hiyo jino lilelile laweza kuacha alama tofauti. Huko Marekani, Ray Krone alihukumiwa Arizona mwaka 1992, ushahidi mkuu ukiwa alama za meno zilizodaiwa kuwa zake. Akaachiwa huru mwaka 2002, vinasaba vilipoonyesha mtu mwingine. Mwaka 2009 ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo ilieleza kuwa njia hiyo haina msingi wa kutosha wa kisayansi wa kumtambua mtu mmoja na kuwaacha wengine wote.

Kwa hiyo andika ulichokiona: "Bega la kushoto lina michubuko miwili ya nusu duara inayokabiliana, inayofanana na alama za meno ya binadamu. Mgonjwa anasema aling'atwa." Hapo "inayofanana" inaacha nafasi ya shaka, na "anasema" inatenga ulichosikia na ulichopima. Weka na upana kwa sentimita. Kama alama ina chonge lililozama kuliko meno ya mbele, sema hivyohivyo, chonge, si "jino kali". Jina la mtuhumiwa halina nafasi katika maelezo hayo.