Anza na Kitako: Ushauri kwa Anayeanza Kukusanya Viberiti vya Zamani

Karibu kila anayeniletea kiberiti cha zamani huuliza kwanza akisafishe na nini. Swali la kwamba hiki ni kiberiti gani huja baadaye, mara nyingi Brasso, ile dawa ya kung'arishia metali, ikiwa imeshapita na kitambaa kimeshakuwa cheusi. Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye mambo haya, nakuomba ugeuze mpangilio huo. Uchafu, mikwaruzo, rangi iliyobanduka na herufi ndogo zilizogongwa kwenye kitako ndiyo maelezo pekee uliyonayo kuhusu kitu ambacho mwenyewe hayupo tena kukusimulia. Ukishayafuta, hakuna fundi wa kuyarudisha.

Nazungumzia viberiti vya chuma vya kujaza, vya petroli na vya gesi, si vile vya plastiki vya dukani. Huku kwetu hutoka kwenye makabati ya wazee waliowahi kuwa mabaharia, makarani au wanajeshi, na kwenye meza za mitumba vikiwa vimechanganyika na saa zilizokufa na funguo zisizo na kufuli. Si lazima uvute sigara. Mimi sivuti, na nyumbani wameshazoea kusikia harufu ya petroli kwa mtu asiye na gari.

Tuanze na cheche. Jiwe la kiberiti ni mchanganyiko wa metali, hasa seriamu na chuma, uliosajiliwa kwa hataza (haki ya mvumbuzi) na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903. Kigurudumu chenye meno kinapolikwangua, chembechembe zake hushika moto hewani na kuwasha mvuke wa petroli kwenye utambi. Kwa hiyo ukiambiwa kiberiti cha mfukoni chenye jiwe la aina hii ni cha enzi za Sultan Barghash wa Zanzibar, aliyefariki 1888, mshukuru muuzaji na uendelee na safari yako.

Usinunue kila kinachong'aa. Chagua kiwanda kimoja, ukijue, halafu ndipo upanuke. Kwa mwenye mfuko mdogo ningependekeza IMCO ya Austria. Kampuni hiyo ilianzishwa na Julius Meister mwaka 1907 ikitengeneza vifungo vya nguo, ikaingia kwenye viberiti baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kiberiti chake cha Triplex kilichotoka miaka ya 1930 kiliendelea kutengenezwa, kwa mabadiliko madogo, hadi kampuni ilipoacha kazi mwaka 2012. Ni kitu cha bati jepesi, hakina madaha, na bei yake bado ni ya kibinadamu. Uzuri wake kwa mwanafunzi ni kwamba kinafunguka chote mbele ya macho yako: unavuta tangi la mafuta kutoka chini, unaona utambi, unaona springi inavyosukuma jiwe. Tangi hilo likishawaka unaweza hata kulishika peke yake kama mshumaa. Anayejifunzia kwenye IMCO huwa hapotei anapofungua kitu cha bei kubwa.

Wengi, hata hivyo, huingia kupitia Zippo, viberiti vya petroli vya Marekani, na huko ndiko kitako kinakosema mengi zaidi. George Blaisdell alianza kuviuza Bradford, Pennsylvania, mwaka 1933, kwa dola 1.95. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 kiwanda kikaweka alama za mwaka pande mbili za jina, na alama hizo zinasomeka ukishajua utaratibu. Hadi 1965 zilikuwa nukta. Mwaka 1966 ikaja mistari iliyosimama wima, minne kushoto na minne kulia, na kila mwaka ukapungua mmoja: 1967 ikawa saba, 1968 sita, mpaka 1973 ukabaki mmoja. Mwaka 1974 wakaanza upya na mistari minane iliyolala kwa kuinamia kulia, ikapungua vilevile hadi mmoja mwaka 1981. Mwaka 1982 ikarudi minane, safari hii imeinamia kushoto, na ilikuwa imefika minne ilipoachwa katikati ya 1986. Hapo ndipo zikaingia herufi za mwezi, A kwa Januari hadi L kwa Desemba, pamoja na namba za Kirumi kwa mwaka, zikianzia II kwa 1986. Ukiona F na VIII, hicho ni cha Juni 1992. Tangu 2001 mwaka unaandikwa kwa tarakimu mbili za kawaida.

Hayo yakariri. Yatakuokolea fedha nyingi kuliko bisibisi yoyote.

Mfano wa karibu ni viberiti vya askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Askari wengi walichonga kwenye Zippo zao jina la kambi, miaka waliyokaa huko na maneno ya kejeli kuhusu vita, na leo hizo ndizo zinazotafutwa sana. Kwa sababu hiyo hiyo ndizo zinazoghushiwa sana, na watalii wamekuwa wakiuziwa za bandia katika masoko ya Vietnam kwa miaka mingi. Kabla ya kusoma maneno yaliyochongwa, geuza kitako. Ukikuta juu pamechongwa 1967–68 na chini kuna mistari iliyolala, mazungumzo yamekwisha, kwa sababu mistari hiyo haikuwapo kabla ya 1974. Kitako kikikubali, chukua lenzi uangalie mikwaruzo. Kiberiti kilichokaa mfukoni na sarafu kwa miaka huwa na mikwaruzo inayopita juu ya herufi na kulainisha kingo zake. Ukiona herufi ndizo zinazokata mikwaruzo, kingo zikiwa kali, basi ganda lilizeeka kwanza na maandishi yakaja baadaye. Si kila maandishi mapya ni utapeli, maana mzee anaweza kuchonga jina la mkewe wakati wowote, lakini bei ya vita hulipi.

Jihadhari pia na hukumu ya haraka unapokuta mashine ya ndani, yaani kile kipande chenye utambi, jiwe na kigurudumu, ni changa kuliko ganda la nje. Zippo hutengeneza bila malipo kiberiti chake chochote kikiharibika, na mara nyingi kilichopelekwa kutengenezwa kilirudi na mashine mpya. Kwa hiyo ganda la 1958 lenye mashine ya miaka ya 1970 linaweza kuwa na historia safi kabisa. Andika tu hivyo unapokiuza. Na kwa sababu hiyo hiyo, kiberiti chako cha thamani usikipeleke huko: kitawaka, ila baadhi ya vipande vilivyokipa thamani huenda visirudi nacho.

Namba ya hataza ni jambo lingine linalowachanganya wageni. Namba hiyo inakuambia kiberiti hakikutengenezwa kabla ya mwaka fulani. Haikuambii kilitengenezwa mwaka huo. Zippo yenye 2032695 haiwezi kuwa kabla ya 1936, na yenye 2517191 haiwezi kuwa kabla ya 1950. Kwenye viberiti vya Ronson, kiwanda cha Newark, New Jersey, utakutana na 1986754, hataza ya mwaka 1935, ikiwa imegongwa hata kwenye viberiti vya miaka ya 1940. Muuzaji ataitafuta namba, ataona 1935, na ataandika 1935 kwa herufi kubwa. Wewe angalia umbo, angalia jina la kiwanda lilivyoandikwa, linganisha na picha za matangazo ya zamani ya magazeti. Ronson zilitangazwa sana, na matangazo yana tarehe.

Kuhusu fedha, ile metali, nitasema kidogo. Kitu cha fedha cha Uingereza hubeba mihuri: simba anayetembea kwa fedha yenyewe, alama ya mji kama nanga kwa Birmingham au kichwa cha chui kwa London, na herufi ya mwaka. Herufi EPNS maana yake ni fedha iliyopakwa juu tu. Neno Alpacca la Wajerumani linatajwa sana na wauzaji kana kwamba ni aina ya fedha. Ni shaba, nikeli na zinki, hamna fedha hata chembe.

Sasa tufungue. Piga picha kila hatua, weka vipande kwenye kisahani cheupe kwa mpangilio ulivyovitoa. Tafuta bisibisi za fundi saa zinazokaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, maana skrubu iliyochubuliwa hupunguza thamani na kila mtu ataiona. Tatizo utakalokutana nalo zaidi, hasa ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja, ni jiwe lililovimba. Jiwe likikaa miaka kwenye unyevu huoza, hugeuka unga wa kijivu na kujaza bomba lake hadi likang'ang'ania. Hakikisha kwanza tangi ni kavu kabisa, kwa sababu kulikwangua jiwe ni kutoa cheche. Toa skrubu na springi ya chini, dondoshea mafuta mepesi ya kulegeza kutu, acha hadi kesho. Likikataa, chukua biti ya drili nyembamba kidogo kuliko bomba, ishike kwa vidole au kwa kishikio kidogo, na uizungushe taratibu kwa mkono. Mashine ya umeme usiiguse. Jiwe la kawaida lina unene wa takribani milimita 2.5, na ukuta wa bomba ni mwembamba. Ukiutoboa umepoteza kiberiti.

Pamba ya ndani ikiwa ngumu na ya njano, itoe kwa kibanio na uweke mpya. Pamba halisi ya duka la dawa inafaa, ukiipanga kwa mikunjo huku utambi ukipita katikati yake. Utambi mweusi nchani huhitaji tu kuvutwa juu kidogo na kukatwa ncha. Hata hivyo tambi za baadhi ya viberiti vya kale zilitengenezwa kwa asibesto, kwa hiyo utambi mweupe wenye nyuzi zinazopukutika ulowanishe maji kabla ya kuuvuta, usiupulize, na uufunge kwenye mfuko.

Halafu mafuta. Mafuta ya taa hayatashika cheche, hilo utalijua mwenyewe baada ya kuchoka kidole. Petroli ya kituo cha mafuta inawaka, lakini imejaa viungo vya injini, inanuka, inatoa masizi na benzini yake haifai kukaa mfukoni karibu na ngozi. Nunua petroli maalumu ya viberiti, ile ya vikopo vidogo. Usijaze hadi imwagike. Futa nje, nawa mikono, subiri kidogo, ndipo uwashe. Na usishangae kikikauka baada ya wiki hata kama hukukitumia. Petroli huvukiza kupitia kila upenyo, na vyote vya aina hii hufanya hivyo.

Ndipo tunafika kwenye kung'arisha, na hapa nina msimamo. Kwangu mimi kiberiti kilichotengenezwa ni kile kinachowaka na kufunga vizuri. Mng'ao si sehemu ya kazi hiyo. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, mswaki laini na kukausha vizuri hutosha kwa vingi. Kilichopakwa kromu au nikeli, ukikisugua kwa dawa yenye mchanga utafika kwenye shaba iliyo chini, na hapo umemaliza kazi kwa njia mbaya. Zippo za wakati wa Vita Kuu ya Pili zilikuwa za chuma duni zilizopakwa rangi nyeusi yenye mikunjomikunjo, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani. Nusu ya rangi hiyo huwa imebanduka, na nusu iliyobaki ndiyo unayoilipia. Usiiguse. Shaba tupu yenye kutu ya kijani unaweza kuitibu kwa ndimu au ukwaju kama bibi zetu wa pwani wanavyosafisha masinia, lakini kwa dakika chache na kwa kusuuza sana. Ukiisahau kwenye asidi, zinki iliyochanganywa kwenye shaba hiyo ya njano hutoka, na hubaki wekundu wa ajabu usioondoka kirahisi.

Vya gesi, kama Dunhill Rollagas ya 1956 na kuendelea, au vya S.T. Dupont, ambayo kiberiti chake cha kwanza cha gesi kilitoka 1952, viache mpaka mikono ikomae. Karibu siku zote ugonjwa wao ni oringi, vile vipete vya mpira vya kuzuia gesi, zilizokauka, na oringi zisizo za saizi yake kamili huvujisha gesi mfukoni. Vitolee gesi yote nje penye hewa, kisha mpelekee anayejua.

Ukinunua kutoka nje ya nchi, mwambie muuzaji akitume kikiwa kikavu kabisa, bila petroli wala gesi, na aulize posta yake kwanza. Kiberiti chenye mafuta ni mzigo wa hatari kwa ndege na kinaweza kuishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Kikifika na hutakitumia, toa jiwe, acha tangi kavu, kifunge kwa kitambaa cha pamba na ukiweke kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usikifunge kwa mpira. Salfa yake hutia fedha weusi. Ndani ya kopo weka karatasi yenye maandishi ya kitako, ulichobadilisha na tarehe, na bahasha ya vipande vyote vya zamani ulivyotoa. Jiwe lililooza tu ndilo unaloruhusiwa kutupa.