Kata silabi kwanza, kisha ndipo usome: Kifaransa kwa anayeanza

Kiswahili kimetuzoesha kutamka kila irabu tunayoiona na kumaliza karibu kila silabi kwa irabu. Kwenye Kifaransa mazoea hayo hutuponza: *table* inageuka "tabule", *bon* inakuwa "boni". Kabla ya kuhangaika na lafudhi, jua silabi inaishia wapi.

Anza na herufi zinazokaa pamoja. *Ou, ai, oi, au, eau, eu* kila moja huhesabiwa irabu moja. *Ch, ph, th, gn* konsonanti moja. *Oiseau* (ndege) ina herufi sita, silabi mbili, na husomwa kama neno letu "wazo", ila mkazo unakwenda mwishoni. Vitone viwili juu ya herufi huvunja kundi: *mais* (lakini) ni "me" tu, bali *maïs* (mahindi) ni "ma-is", na *s* yake inasikika.

Sasa kata. Konsonanti moja katikati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: *ca-na-pé*. Zikiwa mbili zigawe: *par-tir*. Usitenganishe *b, c, f, g, p* na *l* au *r* inayofuata, wala *d, t, v* na *r*: *ta-bleau, su-cre*.

Kwenye *e* ndipo utakapoona faida. *E* isiyo na alama ikimaliza silabi hufifia: *de-main, re-ve-nir*. Ikifungwa na konsonanti husikika wazi: *mer-ci, res-ter*. Ndiyo maana *merci* haina alama na *é-lè-ve* inazo mbili. Anayeandika "mèrci" hakukata silabi. (Vitenzi vya *-er* kama *parler* vina kawaida yao: *r* ya mwisho haitamkwi.)

*N* na *m* ndizo zinazowasumbua wengi. Katika *in-con-nu*, *n* ya *in* imebaki kwenye silabi yake, kwa hiyo sauti inapita puani. Katika *i-nu-ti-le* imehamia mbele, nayo *i* inabaki *i* ya kawaida. Ndivyo ilivyo kwa *im-por-tant* na *i-ma-ge*. Ili kutamka *bon*, sema "o" pumzi ikipita puani. Ncha ya ulimi ikigusa ufizi, au ukisikia "ng'" mwishoni, umekosea. *Bonne* ni kinyume chake: kwa maandishi ni *bon-ne*, lakini mdomoni *n* ni moja, inasikika wazi, na *o* haiendi puani. *Ennui* ni mkaidi. Silabi yake ya kwanza ni ya puani licha ya *n* mbili.

Sikio nalo halijali nafasi kati ya maneno. Warundi huiita serikali "leta": ni *l'État*, *l'* ikiwa imenata kwenye *É* na *t* ya mwisho imenyamaza.

Jaribu *une bonne élève*. Kwa maandishi: *u-ne-bon-ne-é-lè-ve*, silabi saba. Zile *e* tatu za mwisho wa maneno zinakufa, na *n* ya *bonne* inarukia *élève*: *un-bo-né-lèv*, nne. *U* hiyo ni "i" inayosemwa midomo ikiwa imeviringwa kama ya kupiga mluzi, na *n* yake isikike wazi. Mkazo uko kwenye *lèv*. Piga kofi moja kwa kila silabi. Yakifika matano, kuna *e* umeifufua.