Kwa unayeanza kupima damu ya kichwani: ongeza sauti kwanza

Wanaokuja kwetu Tanga kujifunza kazi hii wengi wametokea kwenye ultrasaundi ya mimba na ya tumbo. Mkono mwepesi wanao. Kinachowasumbua ni macho, maana wanataka picha, na mashine nyingi za kupima mwendo wa damu ya ubongo hazina picha. Una wimbi linalopita kwenye skrini na sauti inayotoka kwenye spika, basi. Kwa hiyo ongeza sauti. Mshipa mzuri unavuma laini na kufuata mapigo ya moyo. Uliobana hukwaruza, na mara nyingine hupiga mluzi kabla hujaelewa wimbi linasema nini. Sikio likishazoea, macho yatafuata.

Tunaowapima sana ni watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Kwao mishipa mikubwa iliyo chini ya ubongo inaweza kubana taratibu bila dalili yoyote, na damu ikipita penye wembamba inakwenda kasi. Namba utakazokariri zimetoka Marekani, kwenye utafiti wa Robert Adams na wenzake uliochapishwa 1998. Walichukua watoto 130 ambao kasi yao ilikuwa juu. Kati ya 63 walioongezewa damu mara kwa mara, 1 alipata kiharusi. Kati ya 67 waliobaki na matibabu ya kawaida, 11. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, maana jibu lilishapatikana. Ndiyo maana tunasema chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni kawaida, 170 hadi 199 ni ya kuangaliwa kwa karibu, 200 na kuendelea ni hatari.

Ila namba hizo ni wastani wa kasi ya juu kwa muda wa mapigo mazima, si kilele cha wimbi. Nimewahi kuletewa ripoti ambayo mtu kaandika kilele, na familia nzima imekesha kwa hofu ya bure. Jua pia mashine yako ni ya aina gani, kwa sababu zile zenye picha kwa kawaida husoma chini kidogo kuliko zile zisizo na picha ambazo Adams alitumia. Iandike kwenye ripoti.

Probu, kile kifaa unachokishika na kukigusisha kichwani, ni ya megahezi 2, kwani masafa ya juu hayapenyi mfupa vizuri. Iweke mbele ya sikio, juu kidogo ya mfupa wa shavu, anzia kina cha milimita 50 hivi. Wimbi likija juu ya mstari, damu inakuja kwako: hiyo ni ateri ya kati ya ubongo. Ingia ndani milimita mbili mbili mpaka upate njia panda, pale mshipa unapogawanyika, wimbi moja juu na jingine chini kwa pamoja. Hapo ndipo pa kujishikiza. Ukipotea, rudi hapo uanze upya.

Sasa sikia hili vizuri. Ukipata wimbi zuri, usibonyeze kuhifadhi. Pindisha mkono kidogo, kisha tena kidogo, utafute lililo kubwa zaidi. Pembe mbaya ya probu haiongezi kasi kamwe, inaipunguza tu. Maana yake uvivu wako unakosea upande mmoja: mtoto mwenye 205 anarudi nyumbani na 160, na mama yake anamshukuru Mungu.

Halafu mtazame mtoto mwenyewe. Aliyelala anapumua polepole, hewa ya ukaa inapanda mwilini, mishipa inatanuka na kasi inapanda. Anayelia anahema, ukaa unashuka, kasi nayo inashuka. Homa inapandisha, upungufu wa damu unapandisha, damu aliyoongezewa juzi inashusha. Uliza yote hayo kabla hujagusa jeli.

Wanaotoka Pangani au Lushoto wameondoka nyumbani alfajiri, na mtoto hufika kalala kifuani. Kijana mgeni hufurahi: ametulia! Hapana, mwamshe. Tena si wewe umwamshe.

“Shikamoo bibi. Naomba tumwamshe mjukuu kidogo.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu hata chai hajanywa.”

Basi anywe chai kwanza. Mashine haitaondoka. Wakati wa kupima, katuni ya kwenye simu inasaidia, ila asizungumze wala asinyonye kitu. Jeli ipashe kiganjani mwako, na ukipaka feni isimpulizie, itakauka kabla hujapata mshipa.

Kwa msichana mwenye ushungi, vuta pazia na umwombe mama yake ausogeze kidogo tu, panatosha. Na waambieni akina mama tangu kliniki kwamba hakuna haja ya kufumua nywele. Wapo wanaofumua misuko waliyoilipia juzi, na sisi hatufiki huko kabisa.

Kuna vichwa ambavyo mfupa haupitishi sauti. Kwa watoto ni wachache. Ukija kupima wazee, hasa akina bibi, utawakuta wengi. Ukikosa mshipa andika “haukupatikana”. Usiandike “kawaida”. Usiache pengo pia, kwa sababu daktari akiona pengo atalijaza kwa matumaini yake.

Kasi ikiwa 200 au zaidi, mpeleke mtoto kwa daktari siku hiyo hiyo, kisha rudia kipimo ndani ya wiki chache akiwa mzima, bila homa. Daktari ndiye wa kuzungumzia kuongezewa damu au haidroksiyurea, dawa ya selimundu ambayo kwa familia nyingi za huku ndiyo inayowezekana zaidi. Wewe usimwambie mama kwamba mtoto ana kiharusi, kwa kuwa hana. Mwambie ana hatari ya kukipata na kwamba kuna la kufanya. Mwandikie tarehe ya kurudi kwenye kadi, umsomee kwa sauti, na uchukue namba mbili za simu, moja iwe ya jirani au ndugu.