Maswali ya Wasomaji: Ulanga Ndani ya Jiwe Jeusi

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipokuwa tukichimba msingi wa nyumba hapa Bunyaruguru, karibu na ukingo wa kasoko, tulikuta jiwe jeusi la mviringo, ukubwa wa embe, limezama katika majivu magumu ya volkano. Tulipolipasua kwa nyundo tuliona vipande vipana vya kahawia vinavyong'aa, ambavyo hubanduka kwa ukucha kama karatasi. Fundi anasema ni dhahabu. Nami nilifundishwa shuleni kwamba lava hupoa upesi, na kwa hiyo fuwele zake huwa ndogo mno. Je, hizi zilipata wapi muda wa kukua? – Msomaji, Rubirizi, Uganda.

JIBU: Ndugu msomaji, dhahabu ukiigonga hubonyea, haibanduki. Huo ni ulanga, na kwa rangi yake na mahali ulipopatikana, naamini ni aina iitwayo flogopiti, yenye potasiamu na magnesiamu kwa wingi. Fundi wako si wa kwanza kuponzwa na mng'ao huo.

Ulichofundishwa shuleni ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Anayetaka kuiona nusu ya pili na avuke daraja la Katunguru, aende hadi ziwa la Katwe, awatazame wavuna chumvi. Katika vidimbwi vyao fuwele huota jua likiwa kali, wala maji hayajapoa hata kidogo. Chumvi huganda kwa sababu maji yameondoka. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikiwa na mvuke na gesi nyingi nayo hufanya jambo linalofanana na hilo. Kilindini, chini ya mgandamizo mkubwa, maji huyeyuka ndani yake na kuikata minyororo ya silikoni na oksijeni, hata magma ikabaki majimaji katika joto ambalo, bila maji, ingekwisha kuganda. Inapopanda, mgandamizo hupungua, gesi hutoroka kwa mapovu, na magma huanza kuganda ingali moto, kwa kuwa kilichokuwa kikiizuia kuganda kimeondoka.

Vipande vyako, basi, havikukulia shambani kwenu. Vilikua kilindini, mahali ambapo chembe husafiri kwa wepesi na mbegu za fuwele ni chache, kwa hiyo kila moja hupata chakula cha kutosha. Tena ulanga hauwezi kuumbika pasipo maji au florini, kwa maana vitu hivyo ni sehemu ya mwili wake wenyewe. Baadaye magma nyingine iliyopanda kwa kasi ililing'oa jiwe zima na kulirusha juu pamoja na majivu, ambayo hayakupata nafasi ya kukuza chochote kinachoonekana kwa macho. Ukiwa na kioo cha kukuzia, chunguza kingo za ulanga uliochukuliwa na lava: mara nyingi zimeliwa na kuwa nyeusi, kwa sababu maji yakishaondoka ulanga nao huanza kuvunjika.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Bunyaruguru wanastahili kulijua zaidi kuliko wanavyolijua. Magma ya huko ina potasiamu nyingi, lakini silika yake, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, ni haba. Madini yaitwayo felspa ya potasiamu huhitaji silikoni 3 kwa kila potasiamu 1. Silika isipotosha, huumbika leusiti, inayotosheka na 2. Ikipungua zaidi, huja kalsiliti, yenye 1 tu. Kalsiliti ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1942 kutokana na mawe ya kasoko za Mafuru, huko huko kwenu, na jina lake limeundwa kwa alama za kikemia za potasiamu, alumini na silikoni. Huumbika mwishoni, baada ya olivini, madini ya kijani, na huwa ndogo kiasi kwamba hutaiona bila hadubini.

Kaboni dioksaidi nayo ina hadithi yake. Ikizidi sana, magma huweza kuzaa kabonati badala ya silika. Huko Tanzania, lava ya Ol Doinyo Lengai, iliyojaa magadi, hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida ya basalti, na moja ya madini yake huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Fort Portal, huko kwenu Uganda, kuna lava na majivu ya kabonati ya chokaa. Ukipata kipande chake, kisage kidogo, kisha udondoshee siki: kitatoa povu. Usifanye hivyo kwa majivu ya shambani kwenu ukadhani umepata jibu lile lile, maana maji ya mvua pia huacha chokaa katika nyufa, na hiyo nayo hutoa povu.