Malawi na mama: nendeni taratibu

Dada, umeuliza mtembee wapi Malawi na mama bila kukimbizana. Vukeni mpaka wa Tanzania na Malawi pale Kasumulu asubuhi, mkiwa na pasi na kadi ya homa ya manjano. Kwacha, pesa yao, badilisheni kwenye dirisha la kubadilishia fedha, msiwape wale vijana wanaowazonga nje. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Lalani Karonga, kesho yake mshuke Chitimba, mkapande Livingstonia, mji wa misheni ulio mlimani. Kona za mlima ule ni kali mno, mama akae mbele! Juu kuna maporomoko ya Manchewe na nyumba ya mawe ya wamisionari, sasa ni makumbusho. Salimieni kabla ya kuuliza chochote, hata bei. Mama atafurahi, maana Wangonde wa Karonga na sisi Wanyakyusa tunasikilizana. Mavazi, kitenge cha kujifunga kinatosha.