Vikapu Ndani ya Buti: Maswali na Majibu Kuhusu Safari ya Gofu ya Diski Uganda

Gofu ya diski huchezwa kwa kurusha diski badala ya kupiga mpira. Unaanzia kwenye tii, yaani sehemu ya kurushia, unamalizia kwenye kikapu chenye minyororo (kutoka tii hadi kikapu huitwa shimo moja), na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Likizo inakaribia, na wanaotuandikia wanataka kuzunguka nchi wakicheza. Haya ndiyo waliyouliza.

Tuko wanne, gari moja, siku tano. Tutoke Kampala tuelekee wapi? (Msomaji, Ntinda)

Elekeeni mashariki. Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi, Jinja hadi Mbale kwa barabara ya Tirinyi ni kama 140, na kutoka Mbale kupanda Sipi ni kama 50. Kabale inavutia, lakini ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala. Siku ya kwanza na ya mwisho zote zitaishia barabarani. Iacheni mpaka mpate wiki nzima.

Kabla ya kuondoka, fungueni programu ya UDisc, mtafute viwanja vilivyoorodheshwa na mpakue ramani mkiwa bado na Wi-Fi. Halafu pigeni simu kwa mwenyeji mhakikishe vikapu bado vipo. Chuma na minyororo huwavutia wanunuzi wa skrepa, na ramani haiwezi kuwaambia kikapu kiling'olewa wiki iliyopita. Viwanja vya kudumu nchini bado ni vichache, kwa hiyo anayepanga safari kwa kufuata ramani peke yake ataendesha kuliko atakavyorusha. Bebeni vikapu vitatu vyenu.

Ratiba yetu ni hii: rusheni kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, endesheni mchana, mfike mnakolala kabla giza halijaingia. Mvua zetu nyingi hushuka alasiri, na usiku barabarani kuna malori mabovu yaliyoegeshwa bila taa. Siku ya kwanza tokeni Kampala saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mkichelewa, foleni ya magari ya Mukono itameza mashimo tisa mliyopanga kucheza asubuhi.

Vikapu vitatu vinatosha nini? Na uwanja tunauomba kwa nani? (Mwalimu, Gulu)

Mwalimu, vitatu vinatosha kabisa. Kila kikapu kipe tii mbili, moja kila upande, upate mashimo sita. Yazungukeni mara tatu, ni 18. Vipange kwa pembetatu, si kwa mstari mmoja, ili kundi linalorusha lisielekeze diski kwa kundi linalomalizia. Wanaoanza wape mashimo ya mita 45 hadi 60, wazoefu mita 75 hadi 90. Kama huna utepe, tembea mita 20 zilizopimwa ukihesabu hatua zako mara moja tu. Baada ya hapo miguu yako ndiyo utepe.

Tii iwekee alama kwa vipande viwili vya kitambaa chekundu vilivyochomekwa kwa misumari mirefu. Usitumie mawe, maana mtu akirusha kwa kukimbia atajikwaa. Angalia njia za miguu kabla ya yote: uwanja unaouona mtupu saa moja asubuhi unaweza kuwa njia ya mkato ya watoto wa shule saa moja na nusu. Diski ya gramu 170 ikimpata mtoto usoni ni hospitali. Pia chunguza kamba za ng'ombe na mbuzi waliofungwa malishoni. Kwenye nyasi kamba haionekani, na ndiyo huangusha wachezaji kuliko mizizi.

Kuhusu ruhusa, uwanja wa shule ni wa mwalimu mkuu, wa kanisa ni wa paroko au mchungaji, na popote pengine anza na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Nenda jana yake jioni, siyo asubuhi ileile na vikapu vimeshashushwa. Mwonyeshe diski mkononi na umruhusu arushe. Maelezo yanakuwa mafupi. Mtu anayemwona mgeni anasimika nguzo za chuma na kupima ardhi kwa hatua anawaza jambo moja tu, kwamba shamba limeuzwa. Huyo ukimtuliza mapema, kijiji kizima kimetulia. Usicheze jirani na kambi ya jeshi hata kama nyasi zake zimekatwa vizuri.

Kwa upande wako wa kaskazini, chagua Desemba hadi Februari. Msimu wa mvua ukiwa unaisha, nyasi hufika kifuani na hakuna diski utakayoiona.

Fundi wa Katwe anaweza kunichomelea kikapu? (Msomaji, Nateete)

Anaweza, na vikapu vya namna hiyo vinachezeka. Mpe vipimo kwa maandishi: ukingo wa juu wa kapu uwe takriban sentimita 82 kutoka ardhini, na minyororo iwe ya tabaka mbili, kwa kawaida 12 nje na 6 ndani. Kosa la kawaida ni kuikaza kama kamba ya kuanikia nguo. Mnyororo uliokazwa huitema diski. Unatakiwa uning'inie kwa ulegevu, uimeze kasi yake, kisha diski ianguke kapuni. Mwambie pia nguzo ichomoke kwenye kitako, la sivyo vikapu vitatu havitaingia kwenye gari la kawaida.

Nabeba diski ngapi? Nimesikia Kabale hazirushiki kama huku Pakwach. (Msomaji, Pakwach)

Ni kweli. Pakwach iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, Kabale inakaribia 2,000, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 10. Diski hupata mwinuko kidogo, nguvu ya kuigeuza nayo hupungua. Matokeo yake ile uliyozoea kuiona ikinyooka itakata kushoto mapema, kama unarusha kwa mkono wa kulia kwa bekhendi, yaani mkono ukianzia upande wa pili wa kifua. Ziache nyumbani zile ngumu zinazokataa kugeuka, ubebe nyepesi zinazogeuka kwa urahisi. Kwenye diski kuna namba nne: kasi, kuelea, kugeuka na kukata mwishoni. Tafuta ya tatu iwe -2 au chini zaidi.

Kwa safari beba nane: mbili za kumalizia zinazofanana kabisa, tatu za kati, mbili za kasi 7 hadi 9, na moja ya masafa marefu. Anayeanza na aiache hiyo ya mwisho. Diski ya kasi 12 ikirushwa kwa mkono usio na nguvu huanguka upesi kuliko ya kati. Rangi ziwe waridi au chungwa. Kijani na kahawia ni kuzipanda shambani. Ndani ya gari zilaze bapa, mbali na kioo. Zikiachwa zimesimama kwenye buti lenye jua la Pakwach zitapinda. Ongeza taulo mbili na soksi iliyojazwa vumbi kavu la mbao kwa kukausha vidole.

Diski ikiingia Nile naweza kuifuata? (Msomaji, Jinja)

Hapana. Kwenye Nile na Ziwa Victoria kuna kichocho, na mdudu wake hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hata ukiingia hadi magoti. Viboko na mamba hatuna haja ya kuwaeleza. Diski nyingi huzama, kwa hiyo funga reki kwenye kamba ya mita 10 na uivue ukiwa umesimama nchi kavu. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kuyageuza mashimo yako yaupe mto mgongo.

Ikipotea nyasini, kanuni inatoa dakika tatu za kutafuta. Zikiisha, unarudi ulikorushia na kuongezewa mrusho mmoja wa adhabu. Mweke mwenzako mmoja mbele aione inapoangukia, na piga nyasi kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono, kwa sababu ya nyoka.

Mbuga za wanyama je? Murchison ni pazuri sana. (Msomaji, Masindi)

Vikapu vibaki kwenye gari. Hairuhusiwi kushuka ovyo, na plastiki iliyopotea porini ni taka.

Tunatoka Eldoret na gari letu. Mpakani tunahitaji nini? (Msomaji, Eldoret)

Kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mkenya. Gari linahitaji logbook, barua ya mwenye gari kama si lako, kibali cha muda cha URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), na bima ya COMESA, ile kadi ya njano, ambayo kampuni yako ya bima hukutolea kabla hujaondoka. Malori mengi hupitia Malaba. Busia hukuzungusha kidogo, ila siku ya foleni ndefu huokoa muda.

Vikapu vipya ndani ya maboksi vinafanana na bidhaa ya kuuza, na utaulizwa ushuru. Vitoe kwenye maboksi, andika orodha ya kila kitu pamoja na idadi ya diski, na umwonyeshe ofisa wa forodha kabla hajakuuliza. Orodha hiyohiyo itakusaidia wakati wa kurudi nyumbani.